Kuuza Gari Mkono kwa Mkono Uganda: Maswali Kuhusu Pleti, Logibuku na Kubadili Jina

Maswali haya ni ya mtu anayeuza gari lake mwenyewe kwa mtu mwingine hapa Uganda, bila kupitia bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) wala kampuni ya magari. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Sisi tunaanza na jina, kwa sababu ukikosea bei unapoteza pesa mara moja na mambo yanaisha, lakini jina lako likibaki kwenye sajili ya gari ambalo si lako tena, hujui litakuletea nini wala lini.

Nikiuza gari, pleti nazifungua nibaki nazo au zinaenda na gari?

Zinaenda na gari. Uganda namba ni ya gari, si ya mtu. Gari lililosajiliwa kwa herufi za UBB litabaki na herufi na tarakimu zilezile hata likipita kwa wamiliki watano. Walioishi Marekani huchanganyikiwa hapa, maana katika majimbo mengi ya kule muuzaji hufungua pleti zake akaondoka nazo. Ukifanya hivyo hapa, unamwachia mnunuzi gari lisiloweza kutoka getini kihalali, na trafiki wa kwanza atakayekutana nalo atalipeleka kituoni.

Kama namba inabaki ileile, mimi muuzaji inanihusu nini tena?

Inakuhusu kwa sababu hiyohiyo. Kwa kuwa namba haibadiliki, kitu pekee kinachoonyesha kwamba gari limetoka mikononi mwako ni jina kwenye sajili. Tuseme gari limegonga mtu Lira usiku na dereva amekimbia. Mashahidi hawamjui dereva, wameshika namba tu. Polisi wataiingiza namba kwenye mfumo, na jina litakalotokea ndilo litakalopigiwa simu. Wewe uko Masaka, gari uliliuza zamani, pesa zake zimeshaingia kwenye nyumba. Utaitwa hata hivyo, na kazi ya kuonyesha kwamba uliuza, uliuza kwa nani na siku gani, itakuwa yako.

Nchi hii imechukua suala la namba kwa uzito zaidi tangu mwaka 2018. Juni mwaka huo mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa na watu waliokuwa kwenye pikipiki, na tarehe 20 ya mwezi huohuo Rais Museveni alilihutubia Bunge kuhusu usalama, akataka magari na pikipiki zote ziwekewe namba za kielektroniki. Pleti mpya za kidijitali zimetokana na mpango huo. Lengo lake ni polisi waweze kufika kwa mmiliki kutoka kwenye namba bila kuzunguka. Wakifika kwako ilhali wewe si mmiliki tena, mfumo haujakosea. Umewapeleka pale palipoandikwa.

Si nina mkataba wa mauziano uliosainiwa na mashahidi? Hautoshi?

Mkataba ni muhimu sana, na hapo chini tunaeleza jinsi ya kuuandika. Lakini mkataba unabaki kwenye faili lako nyumbani, na sajili haiuoni. Utakusaidia siku umeshaitwa, ukiwa umekaa mbele ya afisa wa upelelezi au hakimu. Kubadili jina kunakusaidia usiitwe kabisa. Unahitaji vyote viwili.

Dalali anataka nitie saini fomu ya uhamisho ikiwa tupu, nimpe na picha za pasipoti na nakala ya kitambulisho, halafu mnunuzi atajaza mwenyewe. Ni sawa?

Hapana. Tunaomba sana usifanye hivyo, hata kama dalali ni shemeji yako.

Tunajua kwa nini utaratibu huu umezoeleka. Dalali ananunua kwako leo ili auze kesho au mwezi ujao, na hataki kulipa ada za uhamisho mara mbili. Fomu yenye saini yako na nafasi tupu ya mnunuzi inamwezesha kuruka jina lake mwenyewe: sajili itaonyesha gari limetoka kwako moja kwa moja hadi kwa mtu wa tatu usiyemjua. Naye mtu wa tatu akiona ada ni kubwa, ataiweka fomu kwenye droo na kumuuzia wa nne pamoja na droo yake. Kuna magari yanayotembea Kampala yakiwa na mkoba wa fomu za namna hii, picha za muuzaji wa kwanza zimeshaanza kufifia, na muuzaji huyo wa kwanza ndiye mmiliki mbele ya serikali hadi leo.

Tena hapo umetoa zaidi ya gari. Umetoa saini yako, picha yako, namba yako ya kitambulisho cha taifa na TIN yako (namba ya mlipakodi), vyote katika bahasha moja, kwa mtu ambaye huenda humjui hata jina la pili. Bahasha ya namna hiyo inaweza kutumika kwa mambo yasiyohusu gari kabisa.

Dalali akisema hawezi kununua bila fomu tupu, mpe njia mbili. Alete mnunuzi wa mwisho, mkutane watatu na jina lihamie kwa huyo. Au alichukue kwa jina lake mwenyewe na ada azilipe. Akikataa zote mbili, gari lako litampata mtu mwingine.

Siku hizi usajili uko wapi, URA au wizarani?

Kwa miaka mingi sajili ya magari ilikuwa chini ya URA, yaani mamlaka ya mapato, ndiyo maana hadi leo watu wanasema "nenda URA ukabadili jina". Kazi hiyo imehamia Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. URA bado inakuhusu kwa mambo mawili: TIN, na ushuru wa forodha kwa magari ambayo hayajaulipiwa. Ukikuta maelezo ya zamani yanayokutuma URA kwa kila kitu, yachukulie kuwa yamepitwa na wakati.

Nahitaji karatasi gani?

Logibuku halisi (hati ya usajili wa gari), si fotokopi. Kitambulisho cha taifa chako na cha mnunuzi. TIN ya kila mmoja wenu. Mnunuzi asiye nayo aiombe mapema, kwa kuwa mauziano mengi hukwama hapo tu, watu wakiwa wameshakubaliana bei. Picha za pasipoti. Mkataba wa mauziano. Ombi huanzia mtandaoni, mfumo unatoa namba ya malipo ambayo watu wote huiita PRN, na mnalipa kwa namba hiyo benki au kwa simu. Usimpe mtu pesa taslimu "akulipie ndani". Malipo halali yana PRN na yana risiti.

Kabla ya yote haya, linganisha majina. Logibuku ikisema "Mohammed" na kitambulisho kikisema "Muhamad", utarudishwa. Marekebisho ya namna hiyo huhitaji kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na ni afadhali kulimaliza kabla hujatangaza gari kuliko mnunuzi akiwa amekaa sebuleni kwako na pesa.

Ada za uhamisho analipa nani?

Desturi ni mnunuzi. Lakini sheria haikuzuii wewe kulipa, na ushauri wetu ni huu: ziingize ndani ya bei, uzishike wewe, uzilipe wewe. Mnunuzi aliyemaliza pesa zake kwenye gari ndiye anayesema "nitabadili jina mwisho wa mwezi". Kama gari ni milioni 20, taja bei ambayo imeshabeba ada, na umwambie wazi kwamba jina linabadilishwa kwanza, funguo zinafuata. Wengi hufurahi, kwa sababu umewaondolea usumbufu.

Mkataba uandikweje?

Kwanza, lazima uwe wa maandishi. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha uandikwe. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo kiwango ni shilingi 500,000. Hakuna gari linalotembea lenye bei ya chini ya hapo, na hata boda boda iliyochoka inavuka.

Wakili anaweza kukuandikia, na kwa gari la bei kubwa ni pesa iliyotumika vizuri. Ukiandika mwenyewe, weka majina kamili ya pande zote mbili kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba za vitambulisho, simu, kijiji na parokia mnakoishi. Weka namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi siku hiyo. Weka bei kwa tarakimu na kwa maneno, na namna ilivyolipwa.

Halafu weka kitu ambacho wengi husahau: saa. Tarehe peke yake haitoshi. Gari likikabidhiwa saa nane mchana na likapata ajali saa moja usiku siku hiyohiyo, tarehe inawafunga wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Sentensi ya namna hii inatosha: "Gari limekabidhiwa kwa mnunuzi leo Jumamosi saa 8:20 mchana, likiwa na funguo mbili, jeki, tairi la akiba na logibuku halisi. Kuanzia saa hiyo mnunuzi anawajibika kwa faini, ajali na kosa lolote litakalotokana na matumizi ya gari hili. Mnunuzi ataruhusu na kushiriki uhamisho wa jina, na hatalikodisha wala kuliuza kabla uhamisho haujakamilika."

Kila upande uwe na shahidi wake. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akisaini na kugonga muhuri, ni vizuri, kwa sababu anajua mnapoishi na anapatikana. Piga picha ya mnunuzi akiwa amesimama mbele ya gari, pleti ikionekana. Asiyetaka kupigwa picha hiyo, jiulize kwa nini.

Nilibadilisha injini, ya kwanza ilikufa. Namba ya injini kwenye logibuku ni ile ya zamani. Itakuwa tatizo?

Ndiyo, na ni moja ya sababu kubwa za uhamisho kukwama. Mafundi wetu wanafunga injini iliyotumika kwa siku mbili, wenye Subaru mnalijua hili vizuri, lakini hakuna anayekumbuka kwamba injini ina namba na namba hiyo imeandikwa kwenye logibuku. Gari linaonekana zima, kumbe karatasi zinasema ni gari jingine.

Shuka mwenyewe uangalie kabla mnunuzi hajaleta fundi wake. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma: katika Toyota nyingi ndogo iko kwenye ukuta wa nyuma ya injini, unaiona ukifungua boneti, na kwenye nyingine iko sakafuni chini ya zulia, upande wa kiti cha abiria wa mbele. Ifute vumbi na oili kwa kitambaa, isome herufi moja moja huku mwenzako ameshika logibuku. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku yenyewe, na mara nyingi unahitaji tochi. Ukikuta hazilingani, omba kurekebishiwa taarifa za gari kwenye sajili, ukiwa na risiti ya mahali uliponunua injini. Asiye na risiti ndiye anayepata taabu, kwa sababu injini isiyo na asili inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi. Kama namba ya chesisi yenyewe ndiyo isiyolingana, usiuze kwanza. Nenda polisi ukajue gari lako ni lipi hasa.

Kupaka rangi mpya ni jambo hilohilo. Logibuku inasema buluu, gari ni jeupe; rekebisha.

Logibuku imepotea.

Ripoti polisi, upate barua. Apa kwa kamishna wa viapo kwamba imepotea na hujaiweka rehani popote. Kisha omba nakala mpya kwenye sajili. Usiuze kwa ahadi kwamba "nitaipata", na usikubali mnunuzi achukue gari akisubiri.

Logibuku haijapotea, iko kwa watu wa mkopo. Naweza kuuza?

Unaweza, ila mkopeshaji awepo mezani. Njia safi ni hii: wewe, mnunuzi na mkopeshaji mnakutana ofisini kwake, mnunuzi analipa deni moja kwa moja kwa mkopeshaji, mkopeshaji anatoa logibuku pamoja na barua ya kuachilia, na kilichobaki unapewa wewe. Kuuza gari lililowekwa rehani bila kumwambia mnunuzi ni kosa linaloweza kukufikisha mahabusu.

Wanunuzi nao wamefunguka macho. Chini ya Sheria ya Dhamana kwenye Mali Inayohamishika ya mwaka 2019, URSB, ofisi ya serikali ya usajili wa biashara, ina sajili ambako wakopeshaji huandikisha mali zilizowekwa rehani, na mtu yeyote anaweza kutafuta humo kabla ya kununua. Kama ulishamaliza mkopo wako zamani, hakikisha mkopeshaji ameuondoa kwenye sajili hiyo. Wengine hurudisha logibuku na kusahau upande wa pili, na mnunuzi wako atakapotafuta ataona deni ambalo halipo.

Faini za trafiki zilizo kwenye gari ni za nani?

Kabla ya saa ya kukabidhi, zako. Baada yake, za mnunuzi. Hiyo ni kati yenu wawili. Mfumo hauwajui wawili, unajua namba tu.

Juni 2025 serikali ilianzisha faini za moja kwa moja kwa kamera, shilingi 200,000 kwa aliyezidisha mwendo na 600,000 kwa aliyezidisha sana. Watu walilalamika mno na mpango ukasitishwa mwezi huohuo. Lakini siku zile chache zilionyesha jambo: walikuwepo waliopata faini za magari waliyoyauza. Kamera inasoma pleti na haimtazami dereva usoni. Kwa hiyo siku ya kuuza, angalieni faini pamoja kwenye simu, wewe na mnunuzi, mlipe zilizopo, na mchapishe risiti iambatane na mkataba. Mnunuzi naye asikubali kusikia "hakuna kitu", aone kwa macho.

Stika ya bima ya mtu wa tatu inabaki kwenye kioo?

Bima hiyo ni ya lazima kwa sheria ya mwaka 1989, na mkataba wake uko kati ya kampuni ya bima na mtu aliyetajwa humo. Ijulishe kampuni yako kwamba umeuza. Mnunuzi achukue bima kwa jina lake siku hiyohiyo kabla hajawasha gari. Kama una bima kubwa (comprehensive), isitishe kwa maandishi, na uulize kama kuna sehemu ya pesa ya kurudishiwa.

Na leseni ya barabara ya kila mwaka?

Ile iliondolewa kwa magari ya kawaida tangu 2007, badala yake tunalipa ndani ya bei ya mafuta. Wenye taksi, mabasi na malori ya biashara wana kodi ya mapato ya awali na leseni za usafirishaji. Hizo zimalizwe kabla ya kuuza.

Gari langu bado lina pleti za zamani. Lazima niweke za kidijitali kwanza?

Pleti za kidijitali zilianza mwaka 2023 kwa magari ya serikali, na mpango ni zifike kwenye magari yote hatua kwa hatua. Kama zamu ya gari lako haijafika, uhamisho wa jina usiusimamishe kwa ajili hiyo. Ila kama ulishaomba pleti mpya na hujazichukua, maliza hilo kwanza. Kubadili pleti na kubadili jina kwa wakati mmoja kunaleta mkanganyiko ambao huuhitaji.

Pleti ya nyuma ilianguka kwenye mafuriko, nina ya mbele tu.

Barua ya polisi, kisha omba pleti nyingine. Usichongeshe pleti barabarani kwa fundi wa vibao. Ni kosa, na ndiyo njia ambayo wezi hutengeneza magari mawili yenye namba moja.

Gari ni la marehemu baba. Sisi watoto tumekubaliana kuliuza.

Makubaliano ya familia ni mazuri lakini hayahamishi jina. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama. Kama hakuna wosia, mnaanzia kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa Serikali mpate barua ya kutopinga, kisha mnaomba hati mahakamani. Msimamizi ndiye anayetia saini, na pesa zinaingia kwenye mali ya marehemu, si mfukoni kwa aliyelipeleka gari sokoni. Kaka mkubwa, hili linakuhusu: kuwa na funguo hakukufanyi mmiliki. Magari ya marehemu yanayouzwa kwa saini ya kuiga huleta ugomvi wa miaka, na mnunuzi hunyang'anywa.

Mimi ni askari, niko misheni Somalia. Mke wangu anaweza kuuza gari langu kwa niaba yangu?

Anaweza, ukimpa hati ya uwakilishi wa kisheria. Itaje gari kwa namba ya usajili na ya chesisi, iseme wazi kwamba anaruhusiwa kuuza, kupokea pesa na kusaini uhamisho. Iandikwe na wakili, ithibitishwe ipasavyo, iandikishwe URSB. Ukiweza, subiri likizo yako umalize mwenyewe. Ukishindwa, mpe mke au ndugu hati kamili. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "nimekubali auze" haufanyi kazi yoyote kwenye sajili.

Mnunuzi anatoka Juba, analipeleka gari Sudan Kusini. Jina nibadilishe la nini, si linaondoka nchini?

Likiondoka na usajili wako, bado ni lako kwenye sajili ya Uganda, na likirudi kesho kupitia mpaka wa Elegu na shehena isiyoeleweka, jina ni lako. Gari linalotoka moja kwa moja linapaswa kupitia taratibu za forodha za kuuza nje na usajili wake kufutwa. Usitegemee mnunuzi afute akiwa ng'ambo. Fanyeni kabla hajaondoka, na ubaki na nakala za karatasi za forodha. Kwa wanunuzi wa Congo wanaovukia Mpondwe au Bunagana, ni vilevile.

Niko Busia, nina gari lenye namba za Kenya. Naweza kumuuzia jirani wa upande wa Uganda?

Si kabla halijalipiwa ushuru. Gari la Kenya linaloingia Uganda linaingia kwa kibali cha muda, na kibali cha muda si kibali cha kuuza. Forodha kwanza, usajili wa Uganda pili, kuuza tatu. Uangalie pia umri wa gari: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini.

Boda boda nazo?

Kanuni zote hizi zinazihusu, tena zaidi. Pikipiki inauzwa stendi mbele ya mwenyekiti wa stendi, pesa zinahesabiwa kwenye kiti, na jina halifikiriwi kabisa. Kama ulinunua kwa mkopo, kadi (logibuku ya pikipiki) huenda bado iko kwa kampuni iliyokukopesha, na huna unachoweza kuuza hadi umalize. Anayekuuzia boda bila kadi, mwulize iko wapi; jibu lake litakuambia kama uendelee.

Pesa tupokee wapi?

Benki, mchana, siku ya kazi. Noti zihesabiwe na mashine ya benki, au afanye uhamisho kutoka akaunti hadi akaunti na uuone umeingia kwenye akaunti yako, si kwenye picha ya skrini aliyokutumia. Meseji ya mobile money inaweza kuigizwa. Angalia salio lenyewe. Funguo ya akiba usiitoe hadi hapo.

Niliuza miaka mitano iliyopita, sikubadili jina. Mnunuzi simjui aliko. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila usilale tena. Anza kwa kuitafuta namba kwenye sajili ili ujue gari liko kwa jina la nani hasa. Kuna watu wamekaa na hofu miaka mingi kumbe mnunuzi alishabadili. Kama bado ni lako, tafuta mkataba wako, hata kama ni karatasi ya daftari yenye alama ya dole gumba. Mpigie mnunuzi. Namba yake ikiwa imezimwa, mtafute kupitia mashahidi, dalali, au LC1 ya kijiji alichokitaja. Mara nyingi anapatikana, na mara nyingi naye anataka jina libadilike, kwa sababu bila hilo hawezi kuuza kwa bei nzuri wala kukopea. Mwambie utakuja na kitambulisho na TIN, mgawane ada.

Asipopatikana kabisa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ueleze kwamba uliuza gari lenye namba fulani tarehe fulani, uandikishe maelezo na uchukue namba ya kumbukumbu. Andika barua kwa sajili ya magari wizarani ukiambatisha nakala ya mkataba na kiapo kinachoeleza jinsi ulivyouza. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Jina halitabadilika kwa barua hiyo peke yake, kwa kuwa mnunuzi bado anahitajika. Lakini siku afisa atakapokupigia simu kuhusu gari hilo, utamwonyesha karatasi iliyogongwa muhuri kabla ya tukio. Iweke mahali ambapo mke au mume wako anaweza kuifikia hata ukiwa haupo, na uhifadhi picha yake kwenye simu.

Mkataba nao ukiwa umepotea, tafuta ushahidi mwingine wa siku ile: taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikiingia, meseji za simu kati yako na mnunuzi, shahidi aliye hai anayekumbuka. Mwombe shahidi aape sasa, angali anakumbuka vizuri, na kiapo chake ukiambatishe kwenye barua ileile.